Fungu la Majani ya Maboga

Kama uko nyumbani hapa Tunduma na sufuria bado haijabandikwa, au uko safarini kwenda Sumbawanga na redio ya gari ndiyo mwenzako, karibu tuzungumze kidogo habari za chakula. Leo nataka kulizungumzia genge. Genge lile lile unalopita kila siku, la mbao nne na turubai la bluu, ambalo pengine hujawahi kulifikiria zaidi ya muda wa kununua nyanya mbili na kitunguu.

Jana, mnamo saa kumi na moja jioni, mvua ya Machi ilipokatika, nilishuka hadi genge la jirani mtaani kwetu Sogea nikiwa na shilingi 3,000 mkononi. Binti anayeuza pale alikuwa akifunua mboga zake, maji bado yanadondoka kwenye pembe za turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo una mboga gani?"

"Leo chukua majani ya maboga, mama. Yamechumwa asubuhi Mpemba, hayajalala."

Akachomoa jani moja katikati ya fungu, akalivunja kikonyo mbele yangu. Kililia "ta!" na tone la maji likatoka. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Mboga iliyolala haivunjiki namna hiyo. Unaipinda, nayo inapinda tu kama kamba.

Kabla hajanifungia, akafika mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, kitenge kiunoni na ndoo ndogo kichwani, akaulizia chibwabwa. Binti hakusita hata kidogo, akamwonyesha fungu lile lile nililokuwa nimelishika mimi. Jani ni moja, msikilizaji. Sisi tunasema majani ya maboga, wenzetu wa Nakonde, Zambia, wanasema chibwabwa. Matembele yetu kwao ni kalembula. Mama yule akalipa kwa kwacha, akarudishiwa chenji kwa shilingi, kisha akabaki amesimama. Hakuwa ameonewa; alikuwa anangoja mbasela, ile nyongeza ya muuzaji, ambayo kwao biashara haijakamilika bila hiyo. Binti akamwongezea vikonyo vitatu, wakacheka, akaondoka zake. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa na marais wawili mwaka 2019, lakini mipaka ya jikoni ilikuwa wazi siku nyingi. Wanyamwanga wako huku na wako kule, na majani yao ni yale yale.

Nimeanza na genge kwa sababu kuna jambo linalonikera, na ninaona genge lina sehemu ya jibu lake.

Tunaishi katika mkoa wa chakula. Tangu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kila hotuba inayosomwa Vwawa, makao makuu ya mkoa, inatukumbusha kwamba sisi ni wakulima, na ni kweli. Mbozi kuna mahindi, maharage na kahawa. Ileje kuna ndizi na maparachichi. Kamsamba kule chini kuna mpunga. Mlowo ukipita msimu wa mavuno utaona magunia yamepangwa kama nyumba. Viazi vinatujia kutoka milima ya Mbeya, na vitunguu vinasafiri kutoka Ruaha Mbuyuni. Halafu vingi kati ya hivyo vinapita mbele ya milango yetu kwenda Zambia, na vingine vinaendelea mpaka Kongo.

Sasa sikiliza hili. Uchunguzi wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba hapa Songwe, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, zaidi ya 40 walikuwa wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa takriban 32. Na hatukuwa peke yetu: Njombe, Rukwa na Iringa, ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini, mikoa inayolisha nchi, ndio walikuwa juu kabisa katika orodha hiyo. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Sababu zake ni nyingi, siwezi kuzibebesha zote sahani ya mboga. Yapo maradhi ya kuhara, ipo lishe ya mama mjamzito, ipo kazi ya shamba inayomwondoa mama nyumbani alfajiri na kumrudisha jioni, mtoto akishinda na uji mtupu. Lakini sahani nayo imo. Tunashiba ugali, na kushiba tunakuita kula.

Chunguza maneno yetu wenyewe. Katika Kiswahili chetu, mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Nyama ni mboga, dagaa ni mboga, samaki ni mboga. Majani nayo ni mboga, lakini ukimuuliza mtu amekula nini jana, atakwambia kwa sauti ya chini, "Tulikula ugali na majani tu." Hiyo "tu" ndiyo ninayogombana nayo. Hakuna anayesema "ugali na nyama tu". Tumelifanya jani kuwa mboga ya tarehe 25, mboga ya mwezi mbovu, mboga ya kuficha mgeni akibisha hodi. Mtoto anaisikia hiyo "tu" kila siku, na akikua na kupata mshahara wake wa kwanza, kitu cha kwanza anachoacha ni majani.

Basi nilirudi nyumbani na mfuko wangu. Mafungu mawili ya majani, shilingi 1,000. Nyanya nne, shilingi 500, na hapo binti aliniomba radhi, maana mvua zikizidi nyanya zinapanda. Ugonjwa wa bakajani unaunguza mashamba na njia zinateleza. Kitunguu kimoja, 200. Kikombe cha karanga mbichi, 800. Parachichi moja kubwa, 500. Shilingi 3,000 zikaisha. Unga ulikuwepo nyumbani, na tuko watu watano.

Kazi ya majani ya maboga iko kwenye kumenya, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu najua vijana wengi wanayakimbia majani haya kwa sababu hii. Shika jani, kikonyo kikiwa juu. Vunja ncha ya kikonyo bila kuikata kabisa, halafu vuta kushuka kuelekea kwenye jani. Utaona ngozi nyembamba yenye vinyweleo inachubuka pamoja na nyuzi zake, inashuka mpaka kwenye mishipa ya jani lenyewe. Geuza, vuta upande wa pili. Jani likiwa changa, mavuto mawili matatu yanatosha. Likiwa limekomaa, utavuta mpaka uchoke, na hapo ujue ulichagua vibaya gengeni. Mjukuu wangu wa miaka saba alikaa na kigoda chake pembeni, akamenya fungu zima huku ananisimulia habari za shuleni. Nyuzi zilipoisha, majani yakabaki laini kama kitambaa.

Kisha osha kwanza, kata baadaye. Ukikata kabla ya kuosha, unamwaga vitamini pamoja na maji ya kuoshea. Na osha kwa maji safi hasa, kwa sababu msimu huu maji ya mvua yanasomba uchafu na kuumwaga mabondeni, na mabondeni ndiko bustani zetu ziliko. Hatujasahau jinsi kipindupindu kilivyowasumbua jirani zetu wa Zambia kuanzia Oktoba 2023, na sisi wa mpakani tulivyolala na hofu. Kwa kachumbari na matunda yanayoliwa mabichi, kuwa mkali zaidi.

Karanga nilizimwaga kwenye ungo nikazichagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu nilizitupa zote. Usione uchungu kutupa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, hata uchemshe kutwa. Ndiyo maana mimi sinunui karanga zilizokwisha kusagwa ambazo sijui zilikuwaje kabla ya kusagwa. Nikazikaanga kidogo, nikazipepeta maganda, nikatwanga kwenye kinu mpaka zikawa unga wenye mafuta.

Kupika kwenyewe hakukuwa na mambo mengi. Kikombe kimoja cha maji kilichemka, nikatia kitunguu, nyanya na chumvi. Nyanya zilipolainika nikatia majani, nikafunika dakika tano. Nikakoroga unga wa karanga kwa maji ya baridi ili usifanye mabonge, nikaumimina, nikapunguza moto, nikawa nageuza taratibu kwa mwiko. Dakika kama 15 hivi, mafuta ya karanga yakaanza kuelea juu. Nikaipua. Mafuta ya kupikia sikutia hata tone, na unga wa kwenye pakiti wa kuongeza ladha sikuugusa. Ladha ilikuwemo.

Ng'ambo pale mapishi ya majani na karanga wanayaita ifisashi, na Mzambia ukimuuliza kwao wanakula nini, hakawii kuyataja. Hana "tu" anapoyataja. Mchanganyiko huo nao una sababu ya kitaalamu. Rangi iliyojificha ndani ya jani la kijani kibichi ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini mwili hauipokei vizuri bila mafuta, na karanga inaleta mafuta hayo pamoja na protini. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani nayo ni mazito kunyonywa mwilini. Nyanya inasaidia, na ukikamulia ndimu au limao juu ya sahani unasaidia zaidi. Chai ya rangi unayokunywa na chakula inafanya kinyume chake, inayazuia. Kunywa chai yako baadaye, saa moja au zaidi baada ya kula.

Na magadi? Najua, najua. Wengi tumelelewa kwa magadi, majani yanaiva upesi na yanabaki kijani kinachovutia. Lakini magadi yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na mtoto wako hali rangi. Jani changa halihitaji magadi. Linahitaji kununuliwa leo na kuliwa leo.

Nisimame kidogo hapo kwenye kununua leo. Ndugu zetu wengine wanadhani ili kula vizuri lazima uwe na friji. Genge ndilo friji letu. Mtu anayenunua fungu moja kila jioni anakula mboga bora kuliko anayejaza mfuko Jumamosi na kula mboga zilizonyauka mpaka Alhamisi, kwa sababu vitamini C huanza kupungua jani linapotengana na shina. Tena mkaa. Majani yanaiva kwa dakika 20, wakati maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa mbili au tatu. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa aliyenunua mtungi wa gesi na anauhesabu, chakula kinachoiva upesi ni fedha. Ndiyo maana mwezi huu nakusihi utafute pia maharage mabichi ya Mbozi, yale ya kupukuchua kwenye maganda yake. Yanaiva kwa muda mfupi kuliko makavu, na utamu wake haufanani kabisa na wa makavu.

Kuna kitu kimoja cha sokoni kwetu ambacho sitaki nikipite kimya, kwa sababu wageni hukitafuta Tunduma: chikanda, wengine huku husema kinaka. Ni viazi vidogo vya porini, vya maua ya okidi, vinavyotwangwa na kupikwa pamoja na karanga, pilipili na magadi mpaka vinagandana, unakata vipande kama keki. Zambia wanakipenda mno, na biashara yake imepita hapa miaka mingi. Watafiti waliofuatilia biashara hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikivuka kutoka nyanda zetu kwenda Zambia vilikuwa mamilioni kwa mwaka. Okidi ukiichimba kiazi chake umeiua. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua, na uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa hofu zilizowafanya watu waipiganie. Chikanda ni kitamu, nimekila. Lakini jani la boga ukilichuma leo, wiki ijayo limechipua jingine. Okidi haina uwezo huo, na mimi nimeacha kununua.

Turudi kwa binti wa genge, maana tumekuwa tukisema habari za mboga kana kwamba zinajileta. Anaamka saa kumi alfajiri. Akiwa na mtaji ananunua kwa fedha taslimu. Akiwa hana, anachukua kwa mali kauli, na jioni lazima fedha ya watu irudi, mboga iwe imeuzika au imenyauka. Viazi anavyonunua vimejazwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, sheria ya vipimo inakataza na bado lumbesa zinapita. Aliyelia kwanza ni mkulima, aliyeuza zaidi ya gunia na kulipwa gunia moja. Kisha binti huyu anavigawa vile viazi katika mafungu, anavigeuza ili macho yanayochipua yaelekee chini, anavuta kimoja kutoka fungu hili anakitia lile mpaka yalingane. Faida yake katika fungu moja la majani ni ndogo. Mbele ya uso wake foleni ya malori yenye mizigo ya mamilioni imesimama ikingoja kuvuka. Madereva wakichoka kungoja wanashuka, wananunua kwake ndizi na maparachichi, na siku nyingine hao ndio wanaomwokoa.

Kwa hiyo, ukifika gengeni, nunua kama mtu anayejua. Majani yavunje kikonyo. Nyanya zishike kwa kiganja, usizibonyeze kwa kidole gumba, maana unaharibu mali ya mtu. Parachichi liulizie la kuliwa leo au la kesho kutwa, muuzaji analijua kuliko wewe. Uyoga wa porini, ambao mvua hizi unauzwa kwenye mabeseni kandokando ya barabara, nunua kwa mtu unayemfahamu na anayeujua. Uyoga usioutambua uache pale pale. Na bei ikiwa ya haki, usiombe kupunguziwa shilingi 100 kwenye fungu la 500. Muulize mboga zimetoka wapi. Siku ya tatu ataanza kukuwekea zile nzuri pembeni bila wewe kumwambia.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo. Ukiwa mbali gramu hizo zinatisha. Ukiwa Tunduma mwezi wa Machi, ni bakuli la majani na nusu ya parachichi mchana, na jioni hivyo hivyo. Sijui sehemu nyingi nchini ambako jambo hili ni rahisi kiasi hiki.

Tulipokaa kula jana, mjukuu alikuwa wa kwanza kumaliza. Akakomba sahani kwa tonge la mwisho, akauliza kama kesho tutamenya tena. Nikamwambia kesho ni matembele, hayana nyuzi, na yeye atayachuma mwenyewe nyuma ya nyumba.

Ombi langu kwako, msikilizaji, ni dogo. Kesho, kabla giza halijaingia, pita kwenye genge lililo karibu nawe. Nunua fungu moja la majani yaliyochumwa siku hiyo, na kikombe cha karanga. Mpakulie mtoto kwanza, mwagie na rojo la karanga. Na mtu akikuuliza kesho kutwa ulikula nini, mwambie ulikula ugali na majani ya maboga, uishie hapo.